Kufunguliwa na Kupokelewa: Habari za Bagamoyo na za Wenzetu Watokao Gerezani

Neno jubilei twalisikia sana katika siku hizi za furaha, lakini asili yake ni neno zito. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, mwaka wa jubilei ndio mwaka ambao mtumwa aliachiliwa, akarudi kwa jamaa zake na katika shamba la baba zake. Angalieni vema: Torati haikuamuru afunguliwe tu, iliamuru arudi. Mambo hayo ni mawili, wala la kwanza halitoshi pasipo la pili. Basi twataka kuonyesha ya kuwa Bagamoyo ililijua jambo hilo tangu mwanzo, na ya kuwa kuimba ili kuwasaidia watokao gerezani si desturi ngeni katika pwani hii.

Mwaka wa 1860 Padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na wenzake na masista, wakafungua hospitali na karakana. Mwaka wa 1863 kazi hiyo ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner. Hata mwaka wa 1868 Padre Horner na Padre Étienne Baur wakavuka bahari, wakajenga misheni Bagamoyo. Siku zile njia ya misafara ya bara iliishia hapa. Pembe za ndovu zilishuka hapa, na watu waliotekwa walishuka hapa vilevile. Mapadre wakawakomboa kwa fedha, hasa watoto. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watoto wa Ulaya, waliochanga senti zao katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka wa 1843.

Lakini aliyekombolewa aende wapi? Kwao ni mbali, wengine hata jina la kijiji chao wamelisahau, na njiani wangali wale wale waliowateka. Kumlipia mtu na kumwacha ufukoni kulikuwa ni kumrudisha sokoni. Kwa hiyo misheni ikawa na shule, karakana za useremala na uhunzi, na shamba kubwa la minazi. Na vijana walipooana walipewa nyumba na mahali pa kulima katika kijiji cha Wakristo. Mwaka wa 1877, misheni ilipofunguliwa Mhonda, katika milima ya Nguru, vijana waliooana walipelekwa huko pia, wawe msingi wa ukristo mpya.

Tena walifundishwa muziki. Mwaka wa 1871 msafiri Stanley, alipokuwa akijitayarisha kwenda bara kumtafuta Livingstone, alikaribishwa na mapadre wa Bagamoyo. Baada ya chakula wakaja vijana wapatao ishirini, kila mmoja na chombo chake cha shaba, wakapiga nyimbo za Kifaransa. Stanley alistaajabu, akayaandika hayo katika kitabu chake. Sisi twaona jambo kubwa kuliko mastaajabu yake: wale waliokuwa wakihesabiwa kama bidhaa walisimama mbele ya mgeni wakiwa mafundi, kila mmoja akisikiliza sauti ya mwenzake.

Walakini tusisifu pasipo kupima. Watoto wale hawakuulizwa kama wataka kukaa misheni. Kazi ilikuwa nyingi, na amri nyingi, na wako waliotoroka. Kumtoa mtu utumwani, kisha kumpangia kila saa ya siku yake, si kumfanya huru kabisa. Mafundisho hayo ni yetu pia.

Mfungwa wa leo si sawa na mtumwa wa jana. Mtumwa alidhulumiwa; mfungwa alihukumiwa na mahakama, na mara nyingi yuko mtu aliyeumizwa na tendo lake. Lakini siku ya kutoka, mashaka yao yafanana. Ibara ya 45 ya Katiba yampa Rais mamlaka ya kusamehe, na kwa desturi msamaha hutangazwa katika sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Mwaka wa 2019 siku hiyo walisamehewa wafungwa 5,533. Lango likafunguliwa, je, mlango wa nyumbani nao ulifunguliwa? Magerezani wengi hufundishwa useremala, kushona na kulima. Lakini fundi pasipo randa wala msumeno atafanya nini? Naye ambaye chumba chake kimepangishwa mwingine, na jirani zake wamfichia watoto wao, atalala wapi?

Ndipo ifaapo kazi ya kwaya. Bagamoyo haina uhaba wa waimbaji. Ni mji ambao tangu mwaka wa 1981 una Chuo cha Sanaa. Parokia zetu, kutoka Kunduchi hata Saadani, zikifanya tamasha la nyimbo kwa ajili hiyo, zishike mambo matatu. Kwanza, fedha zihesabiwe mbele ya watu wote, na matumizi yake yasomwe kanisani: nauli, jembe, vyombo vya fundi, kodi ya miezi ya kwanza. Pili, aliyetoka asisimamishwe jukwaani ili watu wamwonee huruma. Akitaka kuimba, aimbe katikati ya wenzake. Tatu, aliyeumizwa asisahauliwe, kwa maana hatuwezi kumpokea mmoja kwa kumkanyaga mwingine.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Yamwingiza katika hesabu ya wenyeji. Tarehe 26 Desemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, mjini Roma, ili wafungwa nao wauingie mwaka wa jubilei. Bwana wetu Yezu Kristu atatuuliza kama tulimwendea alipokuwa kifungoni. Basi tusingoje aulize pia kama tulimfungulia alipotoka. Walimu na wazee wa parokia, mwaka huu ulizeni katika kila jumuiya: ni nani aliyerudi, naye amepungukiwa na nini?