Bima ya Afya na Mpaka wa Mnazi Mmoja

Kila mara kitita cha mafao ya bima ya afya kinapobadilishwa, watumishi wa umma huuliza: safari hii tumepunguziwa nini? Ni swali la haki. Nami ni mchangiaji. Asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa kila mwezi kabla sijaushika. Hata hivyo, historia ya jiji hili inatudai swali la pili, ambalo huulizwa kwa nadra: ni akina nani waliobaki nje ya mfuko, na kubaki kwao nje kunatugharimu nini sisi tuliomo ndani?

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukitoka katikati ya jiji, ukapita viwanja vya Mnazi Mmoja na kuvuka Mtaa wa Lumumba, umeingia Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo Mnazi Mmoja ni bustani na uwanja wa mikutano. Chini ya Waingereza eneo hilo liliachwa wazi kwa makusudi, ili kuutenga mji wa Waafrika na mji wa biashara wa Wahindi na makazi ya Wazungu. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa afya: ugonjwa usivuke. Mpaka huo ulikuwa pia hospitalini. Wazungu walitibiwa Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani. Waafrika walipelekwa hospitali iliyobeba jina la mfadhili wake, mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Ni mwaka 1956 ndipo ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret kule Upanga, ambayo baada ya uhuru tukaiita Muhimbili.

Kuna kinaya hapa ambacho wanafunzi wangu hukishangaa. Ujerumani ndiyo nchi iliyotunga sheria ya kwanza ya taifa ya bima ya lazima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, mwaka 1883, chini ya Bismarck. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Miaka michache baadaye Wajerumani haohao walikuwa wakiitawala Dar es Salaam. Walileta hospitali, reli na kodi ya kichwa. Haki ile ya mfanyakazi waliiacha kwao.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilichukua njia nyingine: matibabu bila malipo, yagharimiwe na kodi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku utoaji wa tiba kwa ajili ya faida. Nia ilikuwa njema, lakini uchumi wa miaka ya 1980 uliishinda nia. Zahanati zilikuwapo, dawa hazikuwapo. Mwaka 1991 marufuku iliondolewa, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa uchangiaji gharama katika hospitali za Serikali. Tangu hapo mgonjwa alikutana na dirisha la malipo kabla ya kukutana na daktari.

Nani alijibu kwanza? Si ofisi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa kuanzia na mradi wa Shirika la Kazi Duniani, vikundi vya watu wa sekta isiyo rasmi jijini viliunda UMASIDA, umoja wa matibabu ambao wanachama walichanga fedha kidogo kidogo ili wapate tiba katika zahanati zilizoingia nao mkataba. Watu tunaoambiwa hawaielewi bima walikuwa wakiiendesha kabla mtumishi wa Serikali hajapata kadi yake.

Kadi hiyo ilikuja na Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi akatwe asilimia 3, mwajiri aongeze asilimia 3, na kadi imtibu mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Kwa nini watumishi wa umma ndio waliotangulia? Jibu ni la kiutawala kuliko la kimaadili: mishahara yao inajulikana na ni rahisi kukatwa. Muuza vitunguu wa Kariakoo hana hati ya mshahara. Basi Mnazi Mmoja ikarudi kwa sura nyingine: huku mwenye makato, kule mwenye fedha taslimu.

Tangu mwaka 2001 kiwango hicho cha asilimia 6 hakijabadilika, ilhali magonjwa na tiba vimebadilika sana. Kisukari, shinikizo la damu, saratani na figo vinadai dawa za maisha yote. Aidha, sehemu ya gharama hizi ni tunda la mafanikio. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufanya hapa nchini upasuaji ambao zamani wagonjwa walipelekwa India, na mwaka 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Mfuko uliobuniwa zaidi kwa malaria na uzazi sasa unalipia usafishaji wa damu kila wiki.

Mvutano huo ulionekana wazi tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika. Baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi, zikidai kwamba bei mpya haziwiani na gharama. Mfuko nao ulikuwa na hoja: usipodhibiti bei, utafilisika. Ndivyo ilivyo kwa kila mfuko wenye uzio. Gharama zikipanda, njia ni chache: kupunguza mafao, kubana bei za watoa huduma, au kuongeza makato.

Je, walio nje hawakukaribishwa? Walikaribishwa, lakini kwa hiari, na hapo ndipo kosa lilipo. Toto Afya Kadi ilimwandikisha mtoto kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukieleza kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa na michango haikufikia matumizi. Kila mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana angeweza kuutabiri mwisho huo. Chama hakidumu watu wakijiunga siku ya msiba. Lakini usimlaumu mzazi. Aliyekosea ni aliyepanga mlango wa namna hiyo.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, wakati ambapo Watanzania wenye bima ya aina yoyote walitajwa kuwa takriban asilimia 15. Wapo watumishi wanaoogopa kwamba kuwaingiza wafanyabiashara wadogo kutamega mafao yao. Naona kinyume chake, kwa masharti matatu. Kwanza, kujiunga kuwe kwa kaya nzima na kwa wote, si kwa anayeumwa. Pili, asiye na uwezo alipiwe kwa kodi, na fedha hiyo ifike kwa wakati. Tatu, dawa ziwepo dirishani, kwa sababu mfanyabiashara wa Kariakoo hununua anachokiona. Ukimuuzia kadi isiyopata dawa, hatarudi mwaka wa pili.

Februari 2021 Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi na kuwa Jiji la Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba ofisa wa Jiji anayekusanya ushuru na machinga anayeutoa wako chini ya halmashauri moja, na wakiugua wanaweza kukutana Amana, kwenye benchi moja. Mmoja ana kadi inayopungua nguvu, mwingine hana kadi. Vyama vya wafanyakazi vinapodai kitita bora kwa ajili ya huyo wa kwanza pekee, vinadai kipande cha mkate unaosinyaa. Vidai pia mlango wa huyo wa pili, kwani mchango wake ndio utakaoubeba mfuko wa wote wawili.