Apdeti za Windows: Kwa nini laptopu inakula bando lako, na ufanye nini

Umejiunga bando la GB 2 asubuhi, ukawasha hotspoti ili umtumie msimamizi wako pale Mkwawa ripoti ya fildi. Hujafungua YouTube wala hujapakua kitu. Baada ya saa moja meseji inaingia: umetumia asilimia 100 ya kifurushi chako. Ripoti bado haijaondoka.

Mara nyingi aliyekula bando ni Windows yenyewe. Inashusha masasisho, au apdeti kama tulivyozoea kuziita, bila kukuuliza. Na mara nyingi haijui kama intaneti hiyo inatoka kwenye simu yako au kwenye waifai ya chuo, mpaka wewe uiambie.

Zinakuja lini?

Microsoft hutoa apdeti kubwa za usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani. Kwetu hapa inakuwa saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira yao. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, ukifungua laptopu Kihesa au Uyole, kazi ya kushusha inaanza. Apdeti ya mwezi inaweza kula MB mia kadhaa. Ile ya kubadili toleo zima inaweza kupita GB 3.

Mpangilio wa kuokoa bando

Ingia "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Wi-Fi". Bonyeza jina la hotspoti yako, fungua "Properties", halafu washa "Metered connection". Kwenye Windows 10 imeandikwa "Set as metered connection". Hapo umeiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, nayo itaacha kushusha apdeti nyingi mpaka ipate mtandao mwingine. Chache za lazima bado zinaweza kupita.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mpangilio huo unashika kwa mtandao mmoja tu. Ukiazima hotspoti ya mwenzako, au ukibadili jina la hotspoti yako, unaanza upya. Na ukiunganisha simu kwa waya wa USB, kompyuta haioni waifai kabisa, inaona "Ethernet". Nenda huko nako ukawashe.

Kama uko kwenye wiki ya kukabidhi tafiti, bonyeza "Pause updates" ndani ya "Windows Update". Unaweza kusimamisha hadi wiki 5. Baada ya hapo itakudai ushushe kwanza ndipo ikuruhusu kusimamisha tena.

Kuna pia "Active hours", yaani saa ambazo kompyuta hairuhusiwi kujizima na kujiwasha ili kumalizia apdeti. Unaweza kuweka hadi saa 18. Angalia tu kwamba inahesabu Kizungu: 8 AM ni saa 2 yetu asubuhi. Ukiweka saa 2 ukidhani ni asubuhi, umeilinda laptopu usiku wa manane.

Umeme ukikatika katikati

Laptopu nyingi za mtumba zina betri iliyokufa, na kompyuta za mezani za steshenari nyingi hazina UPS. Umeme ukienda wakati skrini imeandika usizime kompyuta, Windows hujaribu kurudi ilipokuwa, lakini si kila mara inafanikiwa. Msimu wa mvua, umeme ukianza kucheza Mbeya, usibonyeze "Update and restart" huku mteja amesubiri kazi yake. Nakili mafaili kwenye flashi kwanza.

Kwa nini usizime kabisa

Fundi anaweza kukuzimia apdeti zote moja kwa moja, na kwa Windows zilizokrakiwa hilo ni jambo la kawaida. Bando linapona kweli. Ila kumbuka WannaCry. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu moja. Mei 12 mwaka huohuo kirusi hicho kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kompyuta nyingi zilizonaswa zilikuwa hazijaweka apdeti ya miezi miwili nyuma.

Fikiria kompyuta ya steshenari pale Mwanjelwa, inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima na kubeba tafiti, vyeti na barua za kila mtu.

Kwa steshenari au ofisi yenye kompyuta kadhaa, tafuta "Delivery Optimization" kwenye "Advanced options" za apdeti. Washa kupokea kutoka kompyuta nyingine, lakini chagua zile za mtandao wako wa ndani tu. Moja ikishashusha, nyingine zinaweza kuchukua kwake badala ya kila moja kula bando lake. Ukichagua na zile za intaneti, kompyuta yako inaweza kuwa inawapakulia watu usiowajua kwa bando lako.

Wenye Windows 10

Apdeti za bure za kawaida zilikoma Oktoba 14, 2025. Laptopu ambayo prosesa yake ni ya Intel chini ya kizazi cha 8 kwa kawaida haipokei Windows 11, na za namna hiyo tunazo nyingi. Microsoft imeweka mpango wa kuongeza apdeti za usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa kompyuta binafsi. Ni dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Lazima uwe na toleo la 22H2. Kujua lako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter.