Mibirizi: misheni iliyoipa kahawa jina

Mibirizi iko sekta ya Gashonga, wilaya ya Rusizi (zamani Cyangugu), kusini magharibi mwa Rwanda. Kituo kilianza Desemba 1903, enzi za Wajerumani, Mapadri Weupe walipofungua misheni kilimani, miongoni mwa za kwanza nchini. Makazi yakakua kuizunguka. Leo kuna parokia, shule na hospitali.

Wamisionari walipanda kahawa. Aina moja ya arabika, yenye asili ya Guatemala, ikabaki na jina la Mibirizi. Mfanyabiashara akilikuta jina hilo kwenye hati za kahawa ya Rwanda au Burundi, ajue ni aina ya mbuni. Si lazima mzigo uwe umevunwa hapo.

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi waliokimbilia parokiani waliuawa.

Wilaya ya Rusizi iliundwa mwaka 2006. Mibirizi haina forodha: mzigo wa Bukavu hupitia Kamembe, kisha huvuka mto kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza au ya Pili.