Faragha Mkononi: Historia Fupi ya Simu Jijini Kampala

Neno letu la leo ni faragha. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni hali ya mtu kuwa mbali na macho na masikio ya wengine. Zamani faragha ililindwa kwa ukuta, pazia na mlango. Leo sehemu kubwa ya siri zetu imo ndani ya simu. Kwa hiyo yafaa ujue jinsi jambo hili lilivyokua jijini Kampala.

Historia hii inaanza mwaka 1995. Mwaka huo kampuni ya Celtel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi nchini Uganda, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Katiba mpya ilitangazwa. Ibara ya 27 ya Katiba hiyo inakataza kuingilia faragha ya nyumba ya mtu, mawasiliano yake na mali yake. Simu wakati ule ilikuwa chombo cha wenye nacho. Kampuni ya MTN iliingia sokoni mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2009 simu ikawa pia mkoba wa fedha. Chombo kikaenea, na siri zikaingia ndani yake.

Tarehe 11 Julai 2010, mabomu yalilipuka Kyadondo na Kabalagala, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Siku chache baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kunasa mawasiliano, na usajili wa laini za simu ukaanza Machi 2012. Msomaji, usiharakishe kuhukumu. Raia ana haki ya kulindwa dhidi ya wauaji, na ana haki ya kuzungumza na mama yake bila kusikilizwa. Uraia mwema hudai haki zote mbili.

Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Wengi waliikwepa kodi hiyo kwa kupakua programu za VPN, ambazo hupitisha mawasiliano ya mtumiaji katika kompyuta za mbali. Wachache walijiuliza: kompyuta hizo ni za nani? Mwenye programu ya namna hiyo anaweza kuona tovuti unazozitembelea. Kama hakulipwi fedha, huenda analipwa kwa taarifa zako.

Mwaka 2019 Uganda ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Sheria hiyo inataka anayekusanya taarifa zako apate ridhaa yako, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na inakupa haki ya kuuliza ana taarifa gani juu yako. Jaribio lake halikukawia. Mwaka 2021 NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya taifa, ilibaini kwamba SafeBoda, programu ya kuitia bodaboda iliyozaliwa Kampala, ilikuwa imetoa taarifa za wateja kwa CleverTap, kampuni ya nje, bila kuwajulisha wateja ipasavyo. SafeBoda ilitakiwa kurekebisha utaratibu wake. Sheria iliyokuwa karatasini ikaonekana barabarani.

Basi, kabla ya kubonyeza "kubali", fungua mipangilio ya simu yako. Programu ya tochi haihitaji orodha ya majina ya jamaa zako; ya usafiri yahitaji kujua ulipo wakati wa safari tu. Ruhusa isiyo na sababu, iondoe.

Ulinde na mwili pia. Katika kelele za stendi ya teksi, msikilizaji huongeza sauti ya spika za masikioni bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikizidi hapo, muda upunguzwe. Programu iliyofutwa hupakuliwa tena, lakini chembe za sikio zikifa hazioti upya.

Maswali ya kujadili:
1. Je, ni lini dola ina haki ya kusikiliza mawasiliano ya raia, na nani aidhinishe?
2. Chagua programu moja katika simu yako. Ina ruhusa zipi, na kila moja ina sababu gani?