Mwenye Taa: Tarikhi ya Filamu Fupi Kutoka Vugiri Hata Ngome Kongwe

Mtu aingiaye Ngome Kongwe ya Unguja usiku wa tamasha la filamu, jua likiisha kuzama baharini mbele ya Forodhani na adhana ya Magharibi ikiisha kunyamaza misikitini, hukuta jambo ambalo wajenzi wa ngome ile hawakulikusudia hata kidogo: kuta zilizosimamishwa na Waarabu wa Omani tangu mwisho wa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, ili kuwazuia hao Wareno wasirudi, sasa zauzuia mwanga wa mji usiingie, kitambaa cheupe kipate giza la kutosha. Ngome hiyo imepata kuwa kambi ya askari, ikapata kuwa jela, ikapata hata kuwa bohari ya reli iliyokuwa ikienda Bububu. Na katika kazi zake zote hizo sidhani kama iko iliyozifaa kuta zake kuliko hii ya kuhifadhi giza.

Tangu mwaka 1998 ndipo hapo penye makao ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo watu wengi huliita ZIFF, na ambalo jina lake la pili, Tamasha la Nchi za Jahazi, lina maana pana kuliko la kwanza, kwa sababu lajumuisha nchi zote ambazo pepo za kaskazi na kusi ziliziunganisha kwa biashara, ndoa na lugha kabla ya mtu yeyote kuchora mipaka: pwani yetu, Bara Arabu, Ghuba, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya bahari iliyo katikati. Filamu ndefu zitokazo katika nchi hizo zimeandikwa sana magazetini, na washindi wa Jahazi la Dhahabu wamepata picha zao katika kurasa za mbele. Mimi nakusudia kuzungumza juu ya zile nyingine, za dakika tano, kumi au ishirini, ambazo huonyeshwa mapema, watu wangali wakitafuta mahali pa kuketi, nazo hutajwa katika ratiba kwa herufi ndogo.

Udogo huo wa herufi hauna haki ya kihistoria. Sinema ilizaliwa fupi. Tarehe 28 Desemba 1895, katika Grand Café mjini Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu 10, na hapana hata moja iliyozidi dakika moja, kwa kuwa mkanda ulioingia katika kamera yao haukuzidi mita 17 au zaidi kidogo. Hata mikanda ilipokuja kurefushwa, gurudumu moja la mkanda wa milimita 35, lenye futi 1,000, lilichukua yapata dakika 11 tu kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, na gurudumu hilo likawa ndiyo kibaba cha kupimia kazi yote. Basi urefu wa filamu haukuanza kuwa jambo la ilhamu ya msanii. Ulikuwa jambo la chombo. Kisha ukawa jambo la fedha. Na kwetu sisi, kwa muda mrefu, ulikuwa jambo la mwenye taa, yaani yule aliyemiliki mashine ya kuonyeshea na akaamua nani aangaliwe, na nani aangalie.

Unguja iliijua sinema mapema. Hassanali Adamji Jariwalla, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa biashara hiyo, alijengewa na msanifu J. H. Sinclair jumba la Royal, lililofunguliwa mwaka 1921 kwa fahari iliyoweza kusimama katika mji wowote wa Ulaya; jumba ambalo baadaye lilikuja kujulikana kwa jina la Majestic, likateketea kwa moto katika miaka ya hamsini, likajengwa upya, likafunguliwa tena mwaka 1955. Ndani ya majumba kama hilo wazee wetu walijifunza kumpenda Raj Kapoor, na filamu yake *Awara* ya mwaka 1951, yenye karibu saa tatu, ilijaza ukumbi wa watu ambao aghalabu hawakujua Kihindi na bado walitoka nje wakiimba. Filamu fupi ilikuwamo pia katika majumba hayo, walakini kwa cheo cha mpambe: habari za dunia na vikaragosi vilivyotangulizwa ili mchelewaji apate muda wa kununua karanga. Mwenye jumba alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuza saa tatu, hauzi dakika kumi; sioni la kumlaumu.

La kulaumiwa, ikiwa lipo, latupasa kulitafuta mlimani Usambara. Huko Vugiri, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha majaribio ya sinema ya mafunzo kwa Waafrika kwa auni ya fedha kutoka Marekani, wakatengeneza filamu 35, nyingi zikiwa fupi, wakazipakia katika lori pamoja na mashine ya umeme na kitambaa, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya mkanda wenyewe, bali ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadha, ili picha zile zile ziseme Kiganda leo na Kinyanja kesho. Mojawapo yaeleza habari za vibarua wawili: mmoja akafukia mshahara wake ardhini, mwivi akaufukua; mwenzake akaupeleka Benki ya Akiba ya Posta, akastarehe. Kisa hicho, kwa muundo, ni hekaya hasa ya kwetu, na bibi yeyote angaliweza kukisimulia vizuri zaidi; kasoro ni kwamba hakuna bibi aliyeulizwa.

Baada yake ikaja Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1939, na mkuu wake William Sellers akaifanya kuwa kanuni kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zisizokatwa haraka haraka, zisizo na hila yoyote ya kamera, eti asije akachanganyikiwa. Wakati kanuni hiyo ikiandikwa, watoto wa Ng'ambo na Mji Mkongwe walikuwa wakimfuata Charlie Chaplin bila ya mfasiri. Nalitaja jambo hili kwa sababu athari yake haikukoma kwa kukoma ukoloni: katika nchi zetu filamu fupi ilibaki na harufu ya darsa, ya gari la serikali na bwana afya, na hata leo ukimwambia mtu wa makamo kwamba utamwonyesha filamu ya dakika 15, aweza kukuuliza kama yahusu malaria.

Hata hivyo historia haikosi kichekesho chake. Katika miaka ya mwanzo ya hamsini serikali ya Tanganyika iligharimia filamu za hadithi kwa Kiswahili, na katika mojawapo, *Muhogo Mchungu*, mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka 10 haikwisha sana kabla kijana huyo hajawa Waziri Mkuu wa nchi iliyokuwa imewatoa wale waliomkodi. Sijui nchi nyingine iliyowahi kupata Waziri Mkuu wake wa pili kutoka katika sinema ya watawala wake.

Kwa upande mwingine wa Afrika mgeuko ulikuja kwa njia iliyo wazi zaidi. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli wa bandarini na mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, alitoa *Borom Sarret*, filamu ya dakika 20 hivi, inayomfuata mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar kutoka asubuhi hata jioni anaporudi mikono mitupu, mkokoteni wake ukiwa umetwaliwa kwa sababu alithubutu kuingia mtaa wa matajiri. Hapana mafunzo ndani yake, hapana benki ya posta. Maskini yule angaliweza kusimuliwa kwa saa mbili, lakini siku yake moja yatosha, na dakika zile ishirini zatosha siku hiyo. Hapo ndipo ufupi ulipoacha kuwa kibaba cha mkanda ukawa uamuzi wa mtu. Matamasha ya Carthage, lililoanza 1966, na Ouagadougou, lililoanza 1969, yalizipa kazi za namna hiyo mahali pa kufikia. Na ndipo Ouagadougou, mwaka 1985, ilipopata tuzo *Arusi ya Mariamu* ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, filamu ya Tanzania isiyofika dakika 40, yenye kusimulia mwanamke mgonjwa aliyekuwa akiwaogopa waganga wa kienyeji hata alipopelekwa kwa mmoja wao. Mtu aliyezikumbuka zile za lori hakukosa kuona kilichobadilika: mganga, ambaye katika sinema ya mafunzo hakutarajiwa kuwa na hekima yoyote, hapa alikuwa na ilimu, na kamera ilimngojea amalize kusema.

Lakini filamu hiyo ilipata sifa ugenini kabla ya kupata watazamaji nyumbani, kwa kuwa nyumbani taa ilikuwa imehamia mikono mingine. Majumba ya sinema yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Mikanda ya video ikaingia, kisha sahani, kisha vibanda umiza ambamo watu walibanana juu ya mabenchi mbele ya televisheni moja. Soko hilo lilikuwa na kanuni yake ya urefu iliyo kinyume kabisa cha sanaa: kisa kimoja kilivutwa hata kikatosha sahani mbili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja na bei yake, na mtazamaji aliyetaka kujua nani alimuua nani alilazimika kurudi dukani. Nimewahi kuangalia mtu akishuka ngazi, akitembea uani, akifungua gari na kuwasha moto kwa muda unaotosha kuchemsha chai. Katika biashara kama hiyo, kijana mwenye hadithi ya dakika 12 hakuwa na pa kuiuzia.

Kwa hiyo tamasha la Ngome Kongwe lilipoanza, faida yake kwa filamu fupi haikuwa tuzo wala zulia. Faida ilikuwa kwamba, kwa mara ya kwanza katika mwambao huu, taa iliwekwa mahali ambapo urefu haukuulizwa kwanza. Mtengenezaji aliyejitegemea, asiye na kampuni wala wizara nyuma yake, aliweza kuleta kazi yake jinsi alivyoiona nafsini, ikawekwa katika kikao pamoja na nyingine tano au sita kutoka Mombasa, Kampala, Muscat au Mumbai. Kupanga kikao kama hicho ni fani peke yake, na wenye kuijua ni akali: filamu ya huzuni ikifuatwa papo hapo na ya kuchekesha huharibu zote mbili, zenye mada moja zikiwekwa pamoja huonekana kama hotuba, na ile iliyo kimya sana haifai kuanza wakati ambapo adhana ya Isha i karibu kuingia. Upepo wa kusi nao, uvumao miezi ya katikati ya mwaka, una rai yake juu ya kitambaa.

Amil Shivji wa Dar es Salaam alianza kwa filamu fupi, *Shoeshine* ya 2013 na *Samaki Mchangani* ya 2014, kabla ya kuongoza *T-Junction* na kisha *Vuta N'Kuvute*, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kufika hata Toronto mwaka 2021. Watu humtaja kuwa mfano wa ngazi, kwamba fupi ni daraja la kupandia kwenye ndefu, na sisemi kuwa wamekosea katika habari zake. Ila nikiitazama *Pumzi* ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, yenye dakika 21, ambamo mwanamke aitwaye Asha, katika dunia iliyokwisha maji, atoka na mche wake jangwani, sioni ngazi. Naona nyumba iliyokwisha kujengwa. Mtu angeiongeza saa nzima asingepata ila mchanga mwingi zaidi.

Mfano wa Unguja haukukaa peke yake. Rwanda ilianzisha tamasha lake mwaka 2005 kwa juhudi za Eric Kabera, na kitambaa cha kujazwa upepo kikapelekwa vilimani. Goma ikapata Salaam Kivu. Bujumbura mwaka 2009 ikapata FESTICAB ya Léonce Ngabo. Kila moja lastahili makala yake.

Majestic leo ni gofu, paa lake limeporomoka, na wapo wenye kupigania lirejeshwe, nawaombea. Lakini ushahidi bora wa hayo niliyoyasema hauko Ngomeni wala Majestic, bali uko shamba, katika vijiji vya Unguja na Pemba ambako tamasha limekuwa likipeleka maonyesho ya bure. Vyombo ni vile vile vya Vugiri: gari, mashine ya umeme, kitambaa baina ya miti miwili, watoto mbele juu ya majamvi, wazee nyuma wakijifanya wamepita tu. Filamu ndefu ikionyeshwa huko, hata ikipendeza namna gani, ikiisha imekwisha, kwani usiku umekwenda na watu wana bahari ya kuamkia. Ya dakika kumi ikiisha, pakawa na kimya, kisha sauti moja kutoka gizani ikasema haikuona vizuri pale mwanzo, mwonyeshaji hana udhuru. Huirudisha ikaanza upya, na safari hii wale wazee wa nyuma husogea wakaketi.