Lubumbashi na njia zake mbili: historia ya rezo na wanaoichunga

Katikati ya Januari 2020, nyaya mbili za intaneti, WACS na SAT-3, zilikatika chini ya Bahari ya Atlantiki, mbele ya mdomo wa mto Kongo. Hazikukatwa na nanga ya meli. Mchanga na matope yaliyorundikana mdomoni mwa mto yaliporomoka ndani ya korongo la baharini, yakateremka zaidi ya kilomita 1,100 kuelekea kilindini. Agosti 2023 nyaya zile zile zilikatika tena, ikabidi meli ya matengenezo Léon Thévenin iitwe. Tangu 2013 nchi yetu ilikuwa imeunganishwa na WACS pale Muanda. Mwenye akiba ya SAT-3 alidhani ana njia mbili. Kumbe zote zilipita kwenye korongo moja.

Katanga, eneo letu la migodi, inalijua somo hilo tangu enzi za reli. Reli ya kwanza iliingia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, Rhodesia, na kwa miaka mingi shaba ilitoka kwa ridhaa ya jirani huyo. Mwaka 1928 ikafunguliwa njia ya kwenda Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na mwaka 1931 ile ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoifunga Benguela mwaka 1975, mzigo ulilazimika kurudia njia zilizobaki, ndefu na ghali. Mji haukufa, kwa sababu njia hizo zilikuwapo.

Umeme nao ulifuata mkondo huo. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya Inga–Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, kuleta umeme wa Bas-Congo kwenye migodi. Ina nguzo mbili za umeme, chanya na hasi, na moja ikianguka nyingine inaweza kuendelea kubeba sehemu ya mzigo huku mkondo ukirudi kupitia ardhini. Wahandisi waliikubali hitilafu tangu kwenye michoro, wakaipangia pa kupita. Hiyo ndiyo maana halisi ya huduma isiyozimika: kitu kitaharibika, lakini mteja asihisi.

Intaneti ya Lubumbashi ilianza kwa madishi ya setilaiti, ya polepole na ya bei kali. Baadaye fibre ilipanda kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini, na mkoa ukageukia tena kusini kama wakati wa reli. Mwaka 2021 kampuni za Liquid na Facebook zilitangaza ujenzi wa fibre ya kilomita 2,000 hivi ndani ya Kongo, inayoanzia upande wa Atlantiki. Kwa mji wetu, thamani ya njia ya magharibi si kasi peke yake. Kasumbalesa ikikatika, pawepo pa kutokea pengine.

Lakini nani anajua kwamba rezo imekatika, na kwa muda gani?

Hapa inaanza historia nyingine, ya programu za kuchunga rezo. Mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika ping, programu inayobisha hodi kwenye mashine ya mbali na kupima muda wa jibu. Mwaka 1988 ikaja SNMP, lugha ambayo ruta hutumia kueleza hali yake. Mwaka 1995 Tobias Oetiker, akiwa Chuo Kikuu cha De Montfort huko Leicester, aliandika MRTG ili watu waone jinsi laini yao ya kilobiti 64 ilivyojaa. Tangu hapo grafu za kijani na buluu zimeenea katika vyumba vya mafundi duniani kote.

MRTG huuliza ruta kila dakika 5. Kisha hufupisha: grafu ya wiki ni wastani wa dakika 30, ya mwezi saa 2, ya mwaka siku nzima. Rezo ikifa kwa saa moja mwezi Machi, kwenye grafu ya mwaka utaona kibonde kidogo, au usione kitu. Mteja aliyepoteza siku ya biashara anaonyeshwa mstari laini! Ndiyo maana takwimu ghafi za kukatika zinapaswa kutunzwa kando, bila kufupishwa.

Kuna hatari kubwa zaidi. Seva inayochunga ikikaa jengo moja na rezo inayochungwa, kwenye umeme mmoja, itazimika nayo. RRDtool, kazi nyingine ya Oetiker, huandika pengo hilo kuwa halijulikani, tofauti na sifuri. Ripoti mbovu hulihesabu kuwa muda mzuri. Dawa ni kuwa na wachungaji wawili. Programu ya kuchunga Zabbix 6.0, iliyotoka mwaka 2022, ilileta uwezo huo ndani yake yenyewe: seva kadhaa hutumia kwa pamoja hifadhidata moja, moja ikiwa kazini na nyingine zikingoja, na iliyo kazini ikinyamaza, kwa kawaida kwa dakika moja, nyingine hushika zamu. Hifadhidata nayo lazima iwe na nakala mahali pengine, tena penye umeme wake.

Mtoa huduma akikuahidi asilimia 99, amejiruhusu kukuzimia zaidi ya siku 3 na nusu kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni karibu saa 9. Wenye maduka, shule na zahanati wa Kampemba, Katuba na Ruashi, kabla ya kutia sahihi mkataba, ulizeni mambo matatu: njia ya pili inapita wapi, seva inayochunga inakaa wapi, na ripoti ya kila mwezi mtaipata lini, ikiwa na saa na dakika za kila kukatika. ARPTC, mdhibiti wetu wa mawasiliano, iwalazimishe watoa huduma kuitangaza ripoti hiyo mji kwa mji.