Leo Katika Historia: Oktoba 30

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo ni Oktoba 30, tarehe yenye visa viwili.

Mwaka 1938, huko New York, Orson Welles alirusha redioni mchezo wa kuigiza: viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaivamia Marekani. Mwanzoni ilisemwa kuwa ni mchezo. Waliochelewa kufungua redio hawakusikia hilo, na baadhi yao waliogopa. Kesho yake magazeti yakaikuza hofu ile kupita kiasi.

Mwaka 1974, alfajiri, mjini Kinshasa, Muhammad Ali wa miaka 32 alipanda ulingoni kupigana na George Foreman, bingwa ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja. Wengi walisema Ali ataumizwa. Raundi ya 8, Foreman akalala chini.

Mara ya kwanza waliamini kisichokuwepo; mara ya pili hawakuamini kinachokuja.

Nasi tunajua habari ya mgao, au ya safari ya nchi ya tatu, inavyokimbia hapa kambini. Ukiisikia, uliza kwanza: nani kasema, na mwanzo wake uliusikia?

(Muziki unapanda.)